Mkutano upi wa kuacha pombe unamfaa mtu wa Mtwara au Lindi? Ulinganisho wa njia zilizopo

Mtu wa Newala, Nachingwea au Kilwa Kivinje aliyekwisha kuamua kuacha pombe hukutana na swali ambalo mwenzake wa Dar es Salaam halimsumbui sana: akae na nani? Daktari humwona mara moja kwa mwezi, ndugu humwombea au humlaumu, na marafiki aliowazoea bado wako kilabuni. Anachokosa ni watu waliopita alikopita yeye, wanaokutana siku inayojulikana na saa inayojulikana, wanaoweza kumsikiliza bila kushtuka. Mikutano ya namna hiyo iko ya aina kadhaa, na kila aina ina masharti yake juu ya umbali, siri, lugha na imani. Nimeilinganisha hapa nikitanguliza jambo moja kuliko mengine yote: ni mkutano gani mtu wa mikoa hii miwili ataweza kuuhudhuria juma hili, juma lijalo, na hata lile juma la mwezi Novemba ambapo fedha za korosho zimeingia na kila njia ya kurudi nyumbani inapita penye uraka, yaani pombe ya mabibo.

Kwanza mwili

Kuna jambo linalotangulia uchaguzi wowote, kwa sababu linahusu uhai. Anayekunywa kila siku, hasa yule anayeamka akitetemeka mpaka azimue, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani kwa kuwa tu amepata kikundi. Dalili za mwili kudai pombe huanza baada ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho: mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio, tumbo huchafuka na usingizi hukatika. Baadhi ya watu hupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne huweza kufuata kuchanganyikiwa, homa na kuona visivyokuwepo, hali ambayo huua isipotibiwa.

Katika ukanda wetu wa pwani jambo hili lina msimu wake. Wapo wanywaji wakubwa wanaoacha siku moja tu kabla ya Ramadhani, na inapofika alasiri ya mfungo wa kwanza au wa pili, mtetemeko na jasho lao huchukuliwa kuwa ni njaa na kiu. Familia humhimiza avumilie hadi magharibi, kumbe anahitaji kufikishwa hospitali saa ileile. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula iliyopo Mtwara, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine iliyopo Lindi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, pamoja na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao, ndizo sehemu za kuanzia, kwa kuwa hali hii ina dawa zinazojulikana, za kutuliza mwili na za kuurudishia vitamini B1. Mkutano huja baada ya hapo, au sambamba na hapo. Kikundi chochote kinachomwambia mtu aache dawa za hospitali ili kuthibitisha nia yake hakifai, hata kiwe na watu wema namna gani.

AA ya ana kwa ana

Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huiita AA tu, ilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani. Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alikwenda huko kwa shughuli za biashara, mambo yakamwendea kombo, na akaona kwamba njia pekee ya kutorudia ni kumtafuta mlevi mwingine azungumze naye. Akakutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji wa mji huo. Historia hii nitaihitaji tena hapo chini, kwa sababu chama kilichoenea leo katika nchi zipatazo 180 kilianza na watu wawili wasiofahamiana, bila jengo, bila mfadhili na bila cheti cha usajili.

Mkutano wenyewe kwa kawaida huchukua saa moja au moja na nusu. Mwenyekiti wa siku hiyo, ambaye ni mwanachama kama wengine, hufungua kwa maneno yaleyale ya kila mara, kisha husomwa kifungu kifupi, na baada ya hapo watu huzungumza mmoja mmoja kwa dakika chache. Anayezungumza hutaja jina lake la kwanza peke yake, husema kwamba yeye ni mlevi, na kueleza alivyokuwa, kilichotokea na alivyo sasa. Hakatizwi na hapewi ushauri. Akimaliza hushukuriwa na zamu huhamia kwa mwingine. Kwa mtu aliyezoea vikao vya ukoo, ambapo kila kauli yake hujibiwa na wajomba watatu kwa mpigo, utaratibu huo hushangaza mwanzoni, na kwa wengi ndio unaowafanya warudi. Mgeni anaruhusiwa kusema kwamba leo anasikiliza tu. Mwishoni kapu hupitishwa, na kila mmoja hutia alichonacho au hulipitisha bila kutia kitu. Hakuna kiingilio wala ada, na AA haipokei fedha za serikali wala za mtu asiye mwanachama. Sharti la kujiunga ni moja tu: nia ya kuacha kunywa.

Iko mikutano ya wazi, ambayo ndugu, muuguzi au mwanafunzi anaweza kuingia na kusikiliza, na iko ya ndani, ambayo ni ya wenye tatizo peke yao. Anayekwenda mara ya kwanza akisindikizwa na mke au kaka aulize mapema ni mkutano wa aina gani, ili msindikizaji asije akaachwa mlangoni. Baada ya majuma kadhaa mwanachama huchagua mdhamini, yaani mtu aliyeacha pombe muda mrefu zaidi, ambaye humwongoza kupitia Hatua 12, yaani hatua za kiroho ambazo AA hufuata katika kuacha pombe, na ambaye anaweza kumpigia simu saa tano usiku hamu inapopanda. Desturi ya AA ni kwamba mwanamume hudhaminiwa na mwanamume na mwanamke na mwanamke, na katika mazingira yetu naona hilo lishikwe bila kulegeza.

Uzito wa njia hii haupo kwenye sifa tu. Mapitio makubwa ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyochapishwa mwaka 2020, yakikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, yalionyesha kwamba watu waliounganishwa na AA kwa mpango maalumu wa tiba waliweza kukaa bila pombe kabisa kwa kiwango kikubwa kuliko waliopata tiba nyingine zilizozoeleka, yaani asilimia 42 kwa 35 ulipotimia mwaka mmoja. Sehemu kubwa ya tafiti hizo ilifanyika Marekani, mahali penye mkutano karibu kila mtaa, na hapo ndipo ugumu wetu unapoanzia.

Kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni kilomita zipatazo 200. Kutoka Lindi ni kilomita zipatazo 100. Na kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Desturi ya AA ya kumhimiza anayeanza ahudhurie mikutano 90 ndani ya siku 90 haiwezekani kwa basi. Kwa hiyo, kabla ya kufunga safari, msomaji afungue programu ya simu ya AA yenyewe iitwayo Meeting Guide, ambayo ni ya bure, aandike jina la mji wake, kisha apige simu iliyowekwa kwenye tangazo la mkutano kabla ya kwenda, kwa sababu vikundi vidogo huhama chumba au kubadili siku bila tangazo kusahihishwa. Anayekwenda Dar es Salaam kwa shughuli nyingine, kwa matibabu au kufuata mzigo, atumie nafasi hiyo kuhudhuria walau mkutano mmoja wa ana kwa ana na kuondoka na namba za simu za watu wawili. Namba hizo zitamfaa kuliko kijitabu chochote atakachopewa.

AA kwa simu na intaneti

Kwa mtu wa wilayani, huu ndio mlango ulio wazi kila siku. Mikutano ya AA hufanyika kwa Zoom mchana na usiku, na orodha yake hutunzwa na muungano wa AA unaoshughulikia mikutano ya mtandaoni peke yake. Mtu akiwa Liwale, chumbani kwake, na spika za masikioni, anaweza kusikia watu walioacha pombe miaka ishirini iliyopita. Si lazima awashe kamera. Jina linaloonekana kwenye kioo anaweza kulibadilisha kabla ya kuingia, na afanye hivyo, kwa sababu simu nyingi huonyesha jina kamili la mwenye akaunti.

Faida kubwa ya njia hii ni siri. Anayeishi Chikongola au Mikindani anajua kwamba akionekana akiingia mlango fulani kila Alhamisi, habari itamtangulia kufika nyumbani. Mtandaoni hakuna jirani. Kwa wanawake faida hii ni kubwa maradufu. Mwanamke anayekunywa katika miji yetu hulaumiwa mara mbili, kwa kunywa na kwa kuwa mwanamke, na ni vigumu kumtaka azungumze mbele ya wanaume wanaomfahamu mume wake. Mtandaoni iko mikutano ya AA ya wanawake peke yao, na vilevile mikutano ya Women for Sobriety, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1975 kwa ajili ya wanawake mahususi. Kama dada au mama amekuja kwangu akiuliza aanzie wapi, jibu langu ni hapa.

Kasoro zake ni tatu, na hazilingani uzito. Bando ni kikwazo kidogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mtu anayezima kamera na kusikiliza sauti tu hutumia sehemu ndogo ya data, na mikutano mingine huruhusu kuingia kwa kupiga simu ya kawaida. Saa ni kikwazo cha kati: mkutano wa saa moja jioni wa London husikika Mtwara saa tatu au saa nne usiku kutegemea majira yao, na ule wa saa sita mchana wa New York hutuangukia saa moja jioni au saa mbili usiku, ambao kwa kweli ni wakati mzuri kwetu, baada ya kazi na kabla ya kulala. Lugha ndiyo kikwazo kizito. Mikutano mingi ni ya Kiingereza, na mtu anayefuatilia maneno kwa shida hatalia wala hatacheka na wenzake, naye akizungumza atasema yale tu anayoyajua kwa Kiingereza, ambayo huenda siyo yanayomuuma. Nairobi ina vikundi vya AA vya miaka mingi, na saa yao ni yetu. Anayetafuta mahali ambapo akichanganya Kiswahili ataeleweka aanze kuulizia huko.

SMART Recovery

Mfumo huu ulianza Marekani mwaka 1994 na unatumia mbinu za kisaikolojia badala ya hatua za kiroho. Una nguzo nne: kujenga ari na kuidumisha, kuikabili hamu, kusimamia mawazo na hisia na mwenendo, na kuishi maisha yenye uwiano. Mkutano huongozwa na mwezeshaji aliyepata mafunzo, washiriki wanaruhusiwa kujibizana na kupeana mawazo, hakuna mdhamini, na hakuna anayetakiwa kujiita mlevi. Mshiriki hufanya mazoezi ya kuandika, kwa mfano kuorodhesha faida na hasara za kunywa na za kuacha, kwa sasa na kwa baadaye.

Unamfaa mtu anayependa kuandika na kupanga, asiyetaka mazungumzo ya Mungu katika jambo hili, na anayeelewa Kiingereza vizuri, kwa sababu kwetu hupatikana kwa mtandao. Kwa wengine wote wa mikoa hii nauona ni nyongeza nzuri, si mahali pa kuegemea. Mazoezi yake ya kuikabili hamu, hata hivyo, yanaweza kufanywa na mtu yeyote kwa daftari la shule, na kikundi chochote kinaweza kuyachukua.

Msikitini na kanisani

Hapa ninataka kusema kwa uangalifu, kwa maana wengi wa wanaoacha pombe Kusini huanzia kwenye imani, na wengine huishia hapohapo wakiwa wazima. Shehe au padri yupo kijijini, anaongea Kiswahili, hadai nauli, na anamjua mtu huyu tangu jandoni. Jumuiya ndogondogo za Kanisa Katoliki, vikundi vya maombi vya Waanglikana wa Masasi na Walutheri, na darsa za msikitini hukutana kila juma bila kukosa, na uthabiti huo ndio nguzo ya mkutano wowote wa kuacha pombe. Kwa Mwislamu kuna jambo jingine: pombe ni haramu, kwa hiyo kuacha si kuomba ruhusa ya kuwa tofauti na wenzake, ni kurudi walipo wenzake.

Uharamu huohuo, hata hivyo, hufunga mdomo. Mtu anayejua kwamba kukiri kunywa kutamvunjia heshima mbele ya jamaa atasema ameacha kabla hajaacha, na siku akiteleza atakaa mbali na msikiti kwa miezi, akilipia kosa moja kwa kupoteza msaada wote. Mkristo anayeitwa mbele ya kanisa kutoa ushuhuda baada ya majuma mawili tu yuko katika hatari ileile, kwa sababu akirudia hataanguka peke yake, ataona ameuangusha na ushuhuda wake. Liko pia suala la kuacha kwa mwezi: anayeacha Ramadhani na kurudi Idi pili, au anayefunga pombe Kwaresima na kuifungua Pasaka, amethibitisha kwamba anaweza kukaa siku thelathini au arobaini bila kunywa, jambo ambalo si dogo, lakini hajapata watu wa kukaa naye siku ya arobaini na moja.

Tofauti kati ya mahali pa ibada na mkutano wa kuacha pombe ni kwamba katika mkutano wote waliokaa wanalo tatizo hilohilo. Ndiyo maana waumini wa dini zote mbili wameunda mikutano yenye sura mbili kwa pamoja. Millati Islami, iliyoanzishwa mwaka 1989 huko Baltimore, Marekani, ilizichukua Hatua 12 na kuziandika upya kwa msingi wa Kiislamu; Celebrate Recovery ilianza mwaka 1991 katika kanisa moja la California kwa msingi wa Kikristo. Sitarajii majina hayo yabandikwe mlangoni Tandahimba kesho, na wala si lazima. Kinachowezekana ni imamu au padri kutoa chumba, kutaja siku, kisha kutoka nje, wakabaki wale wenye tatizo wenyewe. Kiongozi wa dini anayekubali kutoka nje ya chumba amefanya kazi kubwa kuliko anayekaa na kuhubiri.

Kikundi cha hospitali na kikundi kidogo cha wenyewe

Kikundi kinachoongozwa na muuguzi wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii kina faida ya kuwa karibu na dawa. Mtu akija akitetemeka, hatua chache tu atafika kwa mganga. Udhaifu wake ni kwamba hufanyika saa za kazi, kwenye mabenchi ambayo jirani aliyekuja kupima malaria anaweza kukukuta, na zaidi ya yote hutegemea mtu mmoja ambaye ni mtumishi wa umma. Barua ya uhamisho ikija, kikundi kinaweza kufa mwezi huohuo. Anayepata kikundi cha namna hiyo akitumie kwa moyo wote, na akitumie pia kuwafahamu wenzake wawili au watatu watakaobaki muuguzi akiondoka.

Hao wawili au watatu ndio kikundi chenyewe. Kwa utaratibu wa AA, walevi wawili wanaokutana kusaidiana kuacha wanaweza kujiita kikundi cha AA, mradi kikundi hicho hakifungamani na chama kingine. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia inayostahili kupewa uzito zaidi katika wilaya zetu, nami nitaieleza kwa kirefu kidogo.

Chumba kiwe mahali ambapo mtu anaweza kwenda kwa sababu nyingine yoyote: darasa la shule baada ya wanafunzi kutawanyika, chumba cha zahanati jioni, ofisi ya chama cha ushirika siku isiyo na shughuli. Nyumbani kwa mmoja wao si pazuri sana, kwa kuwa watoto husikia na majirani huhesabu viatu mlangoni. Siku isiwe Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, wala siku ya gulio. Saa kumi na nusu alasiri huwafaa wengi, baada ya swala ya alasiri na kabla ya magharibi, na humtoa mtu njiani katika saa ileile ambayo kilabu hufunguka kwa wingi. Uenyekiti uzunguke kila mwezi, ufunguo uwe kwa watu wawili, na aliyeacha pombe juzi asipewe uongozi kwa kuwa ana ari, maana ari ya juma la kwanza huchoka. Anayekuja amelewa aruhusiwe kukaa na kusikiliza, asiruhusiwe kuzungumza siku hiyo, na asifukuzwe. Picha zisipigwe. Kundi la WhatsApp, kama lipo, lisiwe na jina linalotaja pombe, na watu wasiingizwe bila kuulizwa.

Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji aarifiwe kwamba kikundi kipo na kinakutana wapi, bila orodha ya majina. Ninasisitiza hili kwa sababu gongo ni haramu kisheria, na watu waliokuwa wakiinywa huogopa kwamba kusema ukweli mbele ya wengine kutawafikisha polisi. Waanzilishi wawe na jibu la wazi kwa hofu hiyo: yanayosemwa ndani hayatoki, na hakuna anayeulizwa alinunua kwa nani.

Udhaifu wa kikundi kidogo ni uzoefu mdogo. Watu watatu ambao wote wameacha mwaka huu hawana mtu wa kuwaambia mwaka wa tano ukoje. Ndiyo maana naona kikundi kidogo cha mahali kisikae peke yake. Mmoja au wawili wahudhurie mkutano wa mtandaoni kila juma na kuwaletea wenzao kwa Kiswahili yale waliyoyasikia. Mtandao hutoa uzoefu, chumba hutoa lugha na nyuso, na kila upande huziba pengo la mwenzake.

Msimu wa korosho

Njia zote hizi huonekana nzuri mwezi wa Mei. Kipimo huja kuanzia Septemba, mabibo yanapoanza kuiva. Chini ya mikorosho ya Newala na Tandahimba mabibo hukamuliwa, maji yake huachwa yachache yakawa uraka, na mengine hupikwa yakawa nipa, yaani pombe kali ya kukenekwa. Harufu yake hukaa shambani kutwa nzima, na mvunaji anayeacha pombe hufanya kazi ndani yake. Kisha minada hufunguliwa, malipo huingia kwenye akaunti, marafiki hutokea, na ngoma hupangwa.

Mkutano wa mbali, unaohitaji basi, ndio wa kwanza kukatika msimu huu kwa sababu kila mkono unahitajika shambani. Mkutano wa mtandaoni hubaki, ila mtu hurudi amechoka na simu haina chaji. Kikundi cha dini hubaki, lakini wengi huona haya kusema wazi kwamba jana walisimama kwa dakika nzima mbele ya pipa la uraka. Kikundi kidogo cha mahali ndicho kinachoweza kujirekebisha: kinaweza kukutana mara mbili kwa juma badala ya mara moja, kinaweza kuhamia shamba la mmoja wao saa sita mchana, na wanachama wanaweza kusindikizana benki siku ya malipo na kukubaliana mapema fedha ziende wapi. Kikundi kinachofikiria Oktoba tangu Julai, kikajua nani analima wapi na nani anauza wapi, kina nafasi nzuri ya kuvuka.

Nani aende wapi

Anayeishi Mtwara mjini au Lindi mjini, mwenye Kiingereza cha kutosha na anayeogopa kuonekana, aanze na AA ya mtandaoni kila siku kwa miezi mitatu, huku akiulizia hospitali ya mkoa kama kuna wenzake. Anayeishi wilayani, ambaye Kiswahili ndiyo lugha ya moyo wake, asingoje. Amtafute mmoja tu, kupitia muuguzi, shehe au padri anayemwamini, na waanze wawili. Ambaye imani yake ni hai aende kwa watu wake wa dini na pia atafute chumba ambamo wote wana tatizo moja. Ambaye pombe kwake imefuatana na heroini au dawa nyingine anahitaji zaidi ya mkutano, na kwa huyo nyumba za upataji nafuu (sober house), ambazo kwa Tanzania zimejengeka zaidi Zanzibar, Dar es Salaam na pwani ya kaskazini, zinastahili safari ndefu. Ndugu zake wanaoachwa nyuma nao wana mkutano wao, Al-Anon, ulioanzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya familia za walevi na unaopatikana mtandaoni. Mke au mjomba akiuhudhuria, ataacha kununua zile dawa za siri za kumwekea mtu kwenye chakula, ambazo baadhi yake huweza kumdhuru vibaya mlaji akinywa pombe juu yake.

Amebaki mtu mmoja ambaye njia hizi zote humpita kando: mama anayepika na kuuza uraka au gongo, ambaye naye anakunywa, na ambaye ada za watoto hutoka kwenye pipa hilohilo. Kumwambia aache kunywa huku akionja kila mpiko ni kumtaka lisilowezekana. Kwa huyu, kikundi cha wanawake chenye mfuko wa kukopeshana ndani yake, cha watu watatu au wanne wanaoacha pamoja na kubadili biashara pamoja, kinaweza kuliko AA na kuliko mawaidha. Na afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kuwaelekeza kwenye mikopo ya halmashauri ya vikundi vya wanawake. Wakutane siku ileile waliyokuwa wakipika.